Stahamala

Niliuliza: nukta hii na ile, ni moja?
Skripti ikajibu: la.

Nikakodoa macho.
Pembe ya nyumba ya Bi Rukiya
na pembe ya ua wake mwenyewe,
bikoni moja ya chuma, kutu tele,
niliyoishika kwa mkono huu Jumanne, Kibokoni,
na mashine yaniambia ni mbili,
zapishana kwa sifuri nukta sifuri sifuri sifuri
mpaka ulimi uchoke,
kisha tatu.

Unywele haupenyi hapo.
Lakini zile alama mbili za sawasawa
zina roho ya karani wa forodha:
herufi moja ikikosewa kwenye jina
mzigo walala bandarini.

Kumbe moja ya kumi, kwa mashine, haiandikiki ikesha.
Huikata mkia, ikaiweka butu.
Na vile vikia, kidogo kidogo, vikijumlishwa,
ndiyo ile tatu iliyonikosesha chakula cha mchana.

Bwana Mwachiro akapita na faili kwapani.
"Hesabu yako kali mno," akasema. "Iachie pumzi."
Wenzangu wa chuoni huiita kwa herufi ya Kigiriki.
Mie nikaandika: stahamala.
Tofauti ya x ijizidishe kwa nafsi yake,
ya y nayo vivyo hivyo,
zijumlishwe;
zikitua chini ya stahamala mara stahamala,
hizo ni nukta moja, na yaishe.

Nikaipa nusu mita.
Ilikuwa saa kumi na moja jioni,
ramani yatakiwa kesho,
na mwenye njaa hana mkono mwepesi wa kupima.
Poligoni zikafunga zote, mia mbili na kumi na nne,
hakuna hata moja iliyobaki imeachama.
Nikazima taa, nikaenda kununua viazi karai.

Asubuhi kichochoro hakipo.

Nilikitafuta kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni.
Ukuta wa Bi Rukiya, ukingo wa mtaro,
ukingo wa pili, ukuta wa kina Noorani:
sentimita arubaini, arubaini, arubaini na kitu.
Wa kwanza akamshika wa pili: wewe ni mimi.
Wa pili akamshika wa tatu: wewe ni mimi.
Wakashikana hivyo hadi kuta mbili
ambazo hazijapata kugusana tangu zijengwe
zikalaliana kifua kwa kifua.

Na mie sikusema uongo popote.
Kila jozi ilikuwa karibu.
Ila ukaribu haurithiwi, na hili darasani sikulisikia:
naweza kuwa jirani wa jirani yako
na nisijue hata jina lako.

Jumamosi nikarudi na futi.
Mita moja na sentimita ishirini na mbili.
Nikapima tena: ishirini na mbili na nusu.
Chokaa ilikuwa imebanduka, au mkono wangu.
Bi Rukiya alikuja na ndoo ya maji,
nami nimesimama katikati na daftari,
akangoja, akaguna.
"Hapa wawili hawapiti kifua mbele, mwanangu.
Mmoja hugeuka ubavu."
Nikageuka. Ndoo ikanipaka magotini.
Alipofika mlangoni akauliza, bila kunitazama,
kama serikali yataka kuibomoa nyumba yake.
Nikasema hapana, ni hesabu tu.
Akacheka kicheko ambacho bado sijakielewa.

Sasa stahamala ni milimita tano.
Na kila nukta hupimwa na bikoni yake ya asili,
si na aliyeshikwa na aliyeshikwa.
Poligoni kumi na moja zimegoma kufunga;
nazifunga kwa mkono, moja moja, nikinung'unika.
Lakini juu ya ile namba niliongeza mstari,
ule ambao mashine huruka bila kuusoma:

usiongeze. bi rukiya hupita hapa na ndoo.